Nani kasema Mtanzania haandamani?

Tangu maandamano ya siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, hapa Dodoma kuna kauli haikosi msemaji: "Mtanzania haandamani, hiyo ni tabia ya majirani." Utaisikia katika soko la Majengo, utaisikia kwenye daladala, utaisikia kwa wazee ninaowaheshimu sana. Si kweli, wazee wangu, na ina madhara.

Mgomo ulioanzia bandarini Dar es Salaam Septemba 1947 ulipanda bara kwa njia ya reli ya kati. Mwaka huohuo vibarua wa mradi wa karanga, hapo Kongwa, nao waligoma. Majirani gani waliwafundisha?

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawafukuza karibu 400, na wananchi wengi wakashangilia: wasomi wameota mapembe! Lakini vijana wale walikuwa wamegusa mishahara minono ya wakubwa, na Mwalimu akaukata wa kwake kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Sisemi wao ndio walioliandika. Nasema waliozomewa walikuwa na hoja, na aliyewafukuza aliisikia.

Mwaka huo watu wakatembea kuliunga mkono Azimio. Mwalimu mwenyewe alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza. Kijana Seti Benjamin alifia njiani, akaitwa shujaa. Hakuna aliyesema kuandamana si utamaduni wetu, kwa sababu safari hiyo watu walitembea kuisifu serikali.

Mtaniambia ya leo ni vurugu. Januari 24, 2024 CHADEMA waliandamana Dar es Salaam, polisi wakawasindikiza, watu wakarudi makwao salama. Oktoba 2025 mali zilichomwa, ndiyo, na aliyechoma ajibu mahakamani. Waliopigwa risasi wakafa, nani anawajibia? Siku tano baada ya uchaguzi Rais aliapishwa hapa Dodoma bila umati wa wananchi, na bado tunaambizana kwamba walioingia barabarani hawakuwa Watanzania halisi. Kauli hiyo inampa aliyefyatua risasi utetezi asioustahili: kwamba aliyemlenga hakuwa mwenzetu. Walikuwa watoto wetu. Wabunge wanaokutana jijini hapa wasimame waulize, kwa sauti, nani alitoa amri.