Sisi si Farumi

Likizo ya Agosti ikifika, sisi tutokao visiwa vya Lamu hukimbilia mashua yenye tanga kubwa. Ati ndiyo itakayofika kwanza! Mimi nasema, chungulia ngamani kwanza. Upepo wa kusi ukivuma, chombo hulalia demani, na kinachokirudisha ni uzito ulio chini. Mawe yaliyopangwa vizuri karibu na mkuku hayaendi popote. Viroba vya mchanga navyo vyafaa, kwa kuwa mabaharia huvihamishia goshini kila wakipiga bishi. Lakini kiroba kikisahauliwa demani, kinausaidia upepo kutupindua.

Niliwahi kupanda mashua ambayo nahodha wake alimwaga mchanga ili apate nafasi ya abiria sita zaidi. "Nyinyi ndio farumi," alituambia, nasi tukacheka. Upepo ulipotupiga, tulirundikana upande mmoja kwa hofu, maji yakaingia. Kiroba hakiogopi, bwana! Abiria wakizidi, wangoje chombo kingine, mchanga ubaki. Na ukingo wa mashua ukibakisha shibiri moja tu juu ya maji, mimi nashuka, hata kama nauli nimekwisha kulipa.