Dawa Inayobadili Umbo, Sheria Inayoifuata

Fentanili haikuundwa iwe ulevi. Ilibuniwa Ubelgiji na Paul Janssen zaidi ya miaka 60 iliyopita, na hadi leo humtuliza mgonjwa anayepasuliwa. Lakini nguvu yake yakaribia mara 100 ya mofini, na hapo ndipo walanguzi walipoiona faida.

Sheria zilizoea kuitaja kila dawa kwa jina. Mkemia akibadili sehemu ndogo tu ya umbo lake, huzaliwa dawa isiyomo orodhani, na muuzaji hutembea kifua mbele. China iliuziba mwanya huo tarehe 1 Mei 2019 kwa kudhibiti ukoo mzima wa fentanili. Marekani, iliyotegemea amri ya muda tangu 2018, iliifanya ya kudumu Julai 2025.

Naiafiki njia hiyo, ila kwa tahadhari. Kufanana umbo si kufanana tabia: naloksoni, inayomzindua aliyezidiwa na dawa hizi, ni jamaa wa mofini. Ndiyo maana nafurahi kwamba sheria ya Marekani imewarahisishia watafiti usajili, na fentanili ya hospitali ikabaki daraja la pili, ambalo daktari aruhusiwa kuliandikia cheti.