Foki ya Laki Mbili na Ushei: Baiskeli au Sifa?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mada niliyoichagua mwaka huu huenda ikawashangaza waliozoea kusoma humu habari za ngeli na methali. Nataka kuzungumza juu ya foki ya baiskeli, yaani ile sehemu yenye miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Sababu ni moja tu: muhula huu mabweni yetu hayakulala kwa ubishi wa foki.

Chanzo cha ubishi ni picha iliyochapwa saiba, ambayo mwenzetu mmoja alirudi nayo kutoka likizoni. Foki nyingi zenye shoki, yaani shokamzoba, ni bomba ndani ya bomba. Gurudumu likigonga jiwe, bomba moja huteleza ndani ya jingine, na springi au hewa iliyo ndani hupokea kishindo. Hii ya pichani si hivyo. Miguu yake inashuka mbele ya gurudumu, kisha viungo vifupi vinarudi nyuma kushika ekseli, vikikunjika kama goti la panzi. Inaitwa Message, na iliuzwa kuanzia mwaka 2018 na kampuni ya Marekani iitwayo Trust Performance. Bei yake ilikuwa dola 2,700. Foki peke yake, jamani! Si baiskeli nzima.

Hebu tupige hesabu. Mwaka huo dola moja ilikuwa karibu shilingi 100, kwa hiyo foki hiyo ilikuwa kama shilingi 270,000. Wakati huohuo karo ya juu iliyoruhusiwa na serikali katika shule za kitaifa za bweni ilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Zidisha mara nne, utapata 214,216. Maana yake ni kwamba bei ya foki ile ingemsomesha mtoto tangu Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na zaidi ya elfu hamsini zingebaki za vitabu na nauli.

Hata hivyo, bei kubwa peke yake si kosa. Ni haki tuwasikilize kwanza wanaoisifu. Wanasema hivi: unapofunga breki ya mbele ukiteremka, uzito wote hukimbilia mbele, na foki ya bomba huzama. Baiskeli inainama, usukani unabadilika tabia, na mwendeshaji anaweza kurushwa. Isitoshe, mabomba yakisukumwa kutoka upande hukwaruzana na kukwama kidogo. Foki ya viungo haitelezi bali huzunguka kwenye beringi, na mtengenezaji anaweza kupanga viungo vyake ili isizame breki ikifungwa. Hoja hizi ni za kweli, na anayebisha hapa anabishana na fizikia.

Lakini je, ukweli huo unatosha kutufungulia mifuko? Mimi nina shaka, na shaka yangu ina miguu mitatu kama jiko la mafiga.

Kwanza, tunaambiwa kuwa ni uvumbuzi mpya. Mpya wapi? Waulizeni wazee wanaoikumbuka Honda Cub, kile kipikipiki kilichotoka mwaka 1958. Kwa miaka mingi gurudumu lake la mbele lilishikwa na viungo vinavyokunjika, wala hakikuwa chombo cha matajiri. Pikipiki nyingi za kale zilikuwa na foki za viungo kabla ya mabomba kuenea. Kampuni ya BMW ilianza kuuza pikipiki yenye foki ya bomba na oili mwaka 1935, na wengine wakafuata. Hata katika baiskeli, miaka ya 1990 kampuni ya AMP Research ya Marekani iliuza foki za viungo, na bado mabomba yakatawala soko. Sisemi kwamba kitu cha kale ni kibaya. Nasema mtu akikuuzia cha kale kwa bei ya ajabu, muulize kwa nini waliotangulia walikiacha.

Pili, nani atakitengeneza? Kampuni ya RockShox, ambayo foki zake za bomba zimeenea duniani, hushauri miguu ya chini ifunguliwe na kutiwa oili mpya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Mwanafunzi anayeendesha saa mbili kila siku atazimaliza kabla ya mwezi kwisha. Ikiwa foki ya kawaida inadai huduma hiyo, ile ya viungo, yenye beringi kila pembe, itamtaka nani siku itakapolegea? Njia zetu za kutoka machimboni tunazijua. Jua likiwaka ni vumbi la mawe, mvua ikinyesha ni tope jekundu linaloganda hadi gurudumu likatae kuzunguka, na Kisii mvua haina likizo. Fundi wetu aliye chini ya mti ana spana, nyundo, pampu na solusheni. Ni hodari, lakini beringi ya foki ya Marekani hawezi kuichonga kwa jiwe la Tabaka.

Tatu, na hapa ndipo wasifuji wa foki hunyamaza, mwenye duka yuko wapi? Message haikutengenezwa na wababaishaji. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwemo Dave Weagle, mbunifu anayeheshimiwa sana katika mambo ya baiskeli za mlimani. Pamoja na hayo, bei ilibidi ishushwe, na mwaka 2020 kampuni ikasimamisha kazi. Aliyenunua kwa bei ya mwanzo alibaki na kitu kizuri kisichokuwa na mwenyewe. Ikiwa huko kwenye pesa na mafundi mambo yaliishia hivyo, sisi huku tungeitia wapi?

Msomaji ataniambia, "Ndugu, hakuna mtu Tabaka atakayenunua foki ya laki mbili. Unampigia ngoma nani?" Swali zuri. Si foki hiyo ninayoiogopa, ninaogopa kivuli chake. Wengi wetu likizo ya Desemba hushinda tukipiga msasa sanamu za mawe ndani ya maji mpaka vidole vikakunjamana. Pesa zile ni chache na zina jasho. Kisha kijana anaenda mjini, anaona baiskeli yenye shoki za kung'aa, na maneno "mountain bike" yameandikwa ubavuni kwa rangi ya moto. Analipa zote. Ndani ya shoki hizo mara nyingi hamna chochote ila springi, wala hamna oili ya kuituliza, basi baiskeli inarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Mvua mbili tatu, kutu imeingia. Baadhi ya baiskeli za namna hiyo hata hubandikwa onyo la Kiingereza kwamba zisiendeshwe nje ya barabara nzuri. Nani husoma kibandiko akiwa amependa?

Mchongaji mzuri hanunui jiwe kwa rangi yake. Huligonga kwanza asikilize kama lina ufa, kwa sababu ufa ukijitokeza tembo akiwa amebakiza mkonga tu, kazi yote imepotea. Mbona akili hiyo tunaiacha machimboni tukienda dukani?

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu wengi hawakulijua katika ubishi wetu. Tangu mwaka 2002 RockShox inamilikiwa na kampuni ya SRAM ya Chicago. Mmoja wa waanzilishi wa SRAM ni F.K. Day. Mwaka 2005, baada ya tsunami iliyoipiga Bahari ya Hindi Desemba iliyotangulia, yeye na mkewe Leah Missbach Day walianzisha shirika la World Bicycle Relief. Shirika hilo ndilo lililoleta baiskeli ya Buffalo, ambayo hapa Kenya huunganishwa Kisumu, na wanafunzi wengi wa vijijini wameipanda kwenda shule. Mtu mwenye uhusiano na kiwanda cha shoki angeweza kuiwekea foki yoyote. Akaiwekea ipi? Foki ya chuma, ngumu, isiyo na shoki hata moja! Keria yake inabeba kilo 100, na breki yake ya nyuma hufungwa kwa kurudisha pedeli nyuma.

Mwenzangu mmoja aliposikia haya alikasirika. "Ndivyo walivyo! Wao wabaki na shoki, sisi watupe chuma. Kwani Mwafrika hastahili kizuri?" Hasira yake naielewa, wala siipuuzi. Ni kweli tusikubali kupewa makombo. Lakini heshima ya mtu haikai kwenye foki. Kitu kinachofunguliwa kwa spana ya kijijini kikafungwa tena jioni hiyohiyo, mwenyewe akaenda nacho shule kesho yake, hicho ni kizuri. Kitu cha kuning'inizwa ukutani kikingoja spea ambazo hazitakuja, hicho ni sanamu, na sanamu Tabaka tunazo za kutosha. Kama tunataka kudai haki, tudai barabara. Dawa ya mashimo si kila maskini kujinunulia shoki, ni mashimo kuzibwa.

Sikatai kwamba anayeshindana kuteremka milima anahitaji shoki nzuri. Huyo ni kifaa chake cha kazi. Ila hata huko tusianzie kwenye kifaa. David Kinjah alimfundisha Chris Froome katika njia za vumbi za Kikuyu, na Froome akashinda Tour de France mara nne, miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Kilichotangulia kilikuwa mafunzo na miguu yenye nia.

Kwa hivyo wewe mwenye pesa za msasa mfukoni, fanya hivi. Nunua tairi nene na usizijaze hewa hadi ziwe kama jiwe. Tairi ya hewa, iliyopewa hataza na John Boyd Dunlop mwaka 1888, ni shoki ya baiskeli, na hadi leo ndiyo rahisi kuliko zote. Badilisha raba za breki kabla hazijaisha. Kaza spoki. Tia cheni oili kila baada ya mvua. Halafu inua makalio kwenye mteremko, magoti na viwiko vikunjike. Hivyo ni viungo alivyokupa Mungu bila kukutoza hata senti, na fundi wake hajafunga duka.

Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali matatu: kinaponya ugonjwa gani, nani hapa kijijini anaweza kukifungua, na spea zinapatikana wapi? Akikujibu yote, nunua kwa amani. Akianza kukuonyesha rangi, mshukuru, panda mamba wako mweusi, uende zako.

Naomba kutoa hoja.