Debe Tupu Lenye Turbo

Kuna uongo mmoja unaotembea mitaani Nairobi kwa magurudumu manne, nami nimechoka kuunyamazia. Uongo wenyewe ni kwamba gari linalopiga kelele ndilo lenye nguvu. Kijana anajinyima, anaweka doo, ananunua Subaru Impreza iliyokwisha kutumika Japani. Kabla hata ya kubadilisha oili anakimbilia Barabara ya Kirinyaga kutafuta ekzosi nene kama bomba la maji machafu. Ukimwuliza ameongeza nguvu kiasi gani, anakanyaga mafuta mpaka mbwa wa mtaa wakimbie. Ati hilo ndilo jibu!

Wenzangu, nguvu hujibiwa kwa namba. Mlio si namba.

Tuutazame huo mlio wenyewe, ule wa bu-bu-bu unaofanya wasee wageuze shingo. Injini ya EJ20 ina sentimita za ujazo 1,994 na silinda nne zilizolala, mbili kulia, mbili kushoto. Katika Impreza nyingi za kale mabomba ya kutoa moshi kutoka pande hizo mbili hayalingani urefu, basi moshi wa upande mmoja huchelewa kufika kwenye turbo. Kuchelewa huko ndiko kunakoleta ngoma tunayoipenda. Funga mabomba yenye urefu sawa, ngoma inakufa, na turbo inapokea moshi kwa mapigo yaliyopangika. Maana yake ni kwamba kijana anayeringia bu-bu-bu anaringia uchelewaji. Sina ugomvi na anayeupenda mlio ule kama muziki. Hata mimi naupenda. Ila asiniambie ni nguvu.

Halafu kuna kile kidude cha kutema hewa, kinachosema pshaa! dereva akiachilia mafuta. Impreza nyingi hupima hewa mwanzo kabisa, kabla haijafika kwenye turbo, na kompyuta ya injini hutoa petroli kwa hesabu hiyo. Ndiyo sababu kiwandani waliirudisha hewa ya ziada ndani ya bomba. Wewe ukiimwaga nje, kompyuta haijui. Inatoa petroli ya hewa ambayo haipo tena. Kwa kitambo injini inabanwa na petroli. Manze, umelipa pesa zako ili gari likohoe, na kikohozi hicho ndicho unachowaonyesha wasichana kama cheti.

Turbo yenyewe haina uchawi. Mswisi Alfred Büchi aliisajili fikra yake mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha panga; panga liko kwenye ekseli moja na feni ya upande wa pili; feni inasukuma hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, na petroli ikilingana nayo, nguvu inapatikana. Lakini hewa ikibanwa hupata moto, jambo analolijua kila aliyewahi kushika pampu ya baiskeli. Joto likizidi, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Hapo injini inagonga. Ikigonga ukiwa umekanyaga sana, kingo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika, na kinachofuata ni moshi wa buluu na harambee ya injini nyingine.

Sasa njoo Nairobi. Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ina presha ya kama bar 0.83, wakati Mombasa ina kama bar 1. Geji ya turbo ikikuonyesha bar 1 ukiwa Mombasa, injini inapata jumla ya bar 2. Geji hiyo hiyo ikisema bar 1 ukiwa Ngara, injini inapata 1.83. Ukitaka ile 2 ya pwani, turbo ya Nairobi lazima iibane hewa mara 2.4 badala ya mara 2. Itazunguka kwa kasi zaidi, itatoa hewa yenye moto zaidi. Ongeza hapo kwamba Impreza za Kijapani zilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo oktani yake kwa sheria haishuki chini ya 96 na mara nyingi hukaribia 100. Petroli ya kawaida kwenye pampu zetu haifiki huko. Basi anayenakili mpango wa Tokyo na kuumwaga Nairobi bila kupima anacheza kamari na pistoni za mtu.

Wapo watakaoniambia, "Wewe na hesabu zako! Mbona Safari Rally magari yananguruma?" Hewala, twende huko. Tangu mwaka 1995 sheria za mbio za dunia zililazimisha hewa ya turbo ipite kwenye tundu la milimita 34 tu. Nguvu za magari hayo zikawa kama farasi 300 hivi. Kwa pua hiyo iliyozibwa, Colin McRae alichukua ubingwa wa dunia mwaka 1995, na mwaka 1997 akashinda Safari yetu, yote akiwa kwenye Impreza. Mafundi wake walitafuta mvuto wa chini, breki, springi na gari la kufika mwisho. Mwaka 1994 Patrick Njiru wetu alimaliza Safari akiwa wa nne kwa Impreza iliyokuwa karibu sana na ya dukani. Hao ndio wenye Subaru. Hakuna aliyepewa pointi kwa kutikisa madirisha ya watu saa nane za usiku.

Adui wangu mkubwa lakini si kijana. Ni yule makanika anayejigamba kwamba anatengeneza kwa masikio. Nimekaa gereji zaidi ya moja nikaona fundi akikaza skrubu ya presha robo mzunguko, akisikiliza, akikaza tena, na mwenye gari amesimama pembeni kama mgonjwa mbele ya mganga. Hakuna geji. Hakuna kipimo cha oksijeni kwenye ekzosi, cha kuonyesha kama turbo ikisukuma kwa nguvu mchanganyiko uko kwenye hewa 11 hadi 12 kwa petroli 1, au umekauka na kuelekea kwenye maafa. Ukiuliza, unaambiwa ni siri ya kazi. Siri gani isiyoandikwa popote? Fundi akihama, gari linabaki yatima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na injini ni mali.

"Vipimo ni vya matajiri," watasema. Uongo wa pili huo. Hesabu bei ya ile ekzosi, kile kidude cha pshaa, na injini ya pili utakayoitafuta, kisha linganisha na bei ya geji. Fuata mpango: kwanza pima mgandamizo wa kila silinda ujue kama injini ni nzima, pili breki na matairi, tatu maji, oili na baridi ya hewa, nne pampu ya petroli na injekta, tano kompyuta ipangwe na mtu mwenye vipimo. Presha iongezwe hapo tu, kidogo kidogo, na kila hatua iandikwe. Anayeanza na presha amejenga nyumba kuanzia bati. Na breki zikibaki zile zile, hatari si yake peke yake. Thika Road ina wanaovuka kwa miguu.

Najua mtu atauliza makala ya spana inafanya nini kwenye jarida la fasihi. Inafanya kazi ambayo sisi tumeikimbia. Tunaandika mapenzi na mwezi, huku gereji zetu zimejaa Kiswahili hai, chenye majina ya kila bolti na kila ugonjwa wa injini, na hakuna anayekiweka kwenye karatasi. Vitabu vya injini hizi ni vya Kijapani na Kiingereza. Kijana wa Kariobangi mwenye mikono ya dhahabu anabaki na uvumi, na uvumi ndio unaovunja pistoni. Mwandishi chipukizi, nenda ukakae kwenye benchi la gereji wiki moja na daftari. Andika anachofanya fundi, andika namba, andika kilichotokea baada ya hapo.

Anayebisha na anijibu kwenye kurasa hizi hizi. Aje na vipimo vya gari lake. Mlio wake tumeshausikia.