Anayeomba kurudi Bugando

Majina ya waliochaguliwa kusoma udaktari yakitoka, hakuna anayeuliza chuo kiko umbali gani. Nafasi ni chache, waombaji wamejaa, na kijana wa Sengerema aliyepangiwa Mbeya hufunga begi akimshukuru Mungu, sawa na mwenzake wa Rungwe aliyeangukia Mwanza. Umbali huanza kudai chake baadaye. Baba anapata kiharusi, bumu linachelewa, kodi ya chumba inapanda, na nauli ya kwenda na kurudi inameza chakula cha wiki kadhaa. Ndipo inapoandikwa ile barua ya ukurasa mmoja yenye "YAH: OMBI LA UHAMISHO" iliyopigiwa mstari, na nyuma yake imebanwa barua ya mtendaji wa kata pamoja na cheti cha hospitali cha mzazi. Barua ya namna hiyo husomwa kwa huruma au kwa shaka: ama maskini wa watu, ama huyu anakwepa kitu. Kwa maoni yangu wasomaji wote wawili wameikosa maana yake. Mwanafunzi wa udaktari anayeomba kurudi kwao ametuambia, bila kushurutishwa, mahali alipo tayari kufanya kazi. Nchi inayolalamika kila bajeti kwamba mikoani hakuna madaktari haifai kuizika taarifa hiyo kwenye jalada.

Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na Dar es Salaam walikutwa milioni 5.4, chini ya mmoja kati ya kumi. Madaktari hawakugawanyika kwa uwiano huo, na mabingwa ndiyo kabisa. Tumezoea kuwasambaza kwa barua za ajira, na maafisa utumishi wa halmashauri wanaujua mwendo wake: daktari anaripoti, anakaa mwaka au miwili, kisha yanaanza maombi ya kuhama au ya kwenda kusoma. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2010 kuhusu kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, na lilipoupitia upya mwaka 2021, halikuanza na mishahara. Lilianza na shule: chukua wanafunzi waliotoka vijijini, na wafundishe nje ya miji mikubwa. Japani ililiona hilo mapema. Chuo cha udaktari cha Jichi, kilichoanzishwa mwaka 1972, huchukua wanafunzi wachache kutoka kila mkoa wa nchi hiyo, huwaondolea mzigo wa ada, na kwa malipo yake daktari hurudi kutumikia mkoa wake kwa miaka tisa. Wengi wao hubaki hata deni lao likishakwisha. Huko Australia, Chuo Kikuu cha James Cook kilianza kufundisha udaktari Townsville mwaka 2000 kwa sababu hiyohiyo, na wahitimu wake wamekuwa wepesi kuliko wa vyuo vingine kufanya kazi nje ya miji mikubwa.

Msomaji makini atanikatiza hapa: ushahidi huo unahusu kudahili, hauhusu kuhamisha. Ni kweli. Lakini una nusu mbili, alikotoka mtu na alikofundishwa, na udahili wetu huzitenganisha nusu hizo kila mwaka kwa kufuata alama za kidato cha sita na nafasi zilizopo. Uhamisho huziunganisha tena. Zaidi ya hapo, si kila mtoto wa Mwanza anataka kuishi Mwanza, na siku ya udahili hatuna njia ya kumjua anayetaka. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeandika barua amejitaja mwenyewe.

Na kuna jambo la wodini ambalo takwimu hazilifikii. Kuanzia mwaka wa tatu mwanafunzi huacha kuwa mtu wa maabara na vitabu; anasimama pembeni ya kitanda na kumuuliza mgonjwa maumivu yalianza lini. Kiswahili chetu kinamfikisha mbali, lakini hakimfikishi kila mahali. Katika wodi za Kanda ya Ziwa hulazwa bibi ambaye maisha yake yote ameyaishi kwa Kisukuma, na mwanafunzi asiyekijua hupata historia ya ugonjwa kupitia kwa mjukuu wa miaka kumi na miwili. Mjukuu atatafsiri kikohozi. Kutokwa na damu ukeni hatakutafsiri. Ataona aibu, ataruka, na mwanafunzi ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa hana tatizo la uzazi. Anayejua lugha ya nyumbani, na anayejua kwamba mtoto mwenye degedege huenda alipitishwa kwanza kwa mganga, huuliza swali la pili. Sisemi Mnyakyusa hawezi kumtibu Msukuma. Wanatibiana kila siku. Nasema ujuzi huo ni mali, nasi tunauhesabu kama sifuri.

Wakuu wa vyuo wana pingamizi zito zaidi, nalo ni mitaala. Chuo kimoja hufundisha somo fulani mwaka wa kwanza, kingine hulichanganya na mengine mwaka wa pili, na anayehama anaweza kurudia asichopaswa au kuruka asichokijua. Pingamizi hili lina nguvu kwa anayetaka kuhama katikati ya mwaka wa nne. Huyo na akae amalize. Lakini shahada yetu ya udaktari ya miaka mitano ina kiungo kinachoonekana wazi: miaka miwili ya mwanzo ya anatomia, fiziolojia na biokemia, halafu miaka ya hospitalini. Pale kwenye kiungo ndipo pa kufungua mlango, tofauti na sasa ambapo dirisha la uhamisho linalojulikana zaidi ni lile la mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, kabla mtu hajajua hata bweni lake lina maji. Vyuo vya Muhimbili (Dar es Salaam), KCMC (Moshi) na Bugando (Mwanza) vimekwisha kukaa pamoja kuoanisha mitaala yao ya udaktari, kwa hiyo kazi si ngeni. Tena wahitimu wa vyuo vyote hivyo huenda utarajali katika hospitali zilezile na kusajiliwa na Baraza moja la Madaktari Tanganyika. Ikiwa mwishoni tunawaona sawa kiasi cha kuwakabidhi wagonjwa, ni vigumu kueleza kwa nini alama za anatomia za mwaka wa pili zisitambulike ng'ambo ya pili ya nchi.

Hofu ya kwamba wote watakimbilia Dar es Salaam ni ya haki, na hapa sipendekezi usawa. Anayetoka Dar kwenda Mwanza, Moshi au Dodoma aruhusiwe mradi chuo kinachompokea kina vitanda na walimu wa kumtosha. Anayetaka kuingia Dar apate mtu wa kubadilishana naye. Walimu na wauguzi wanaujua utaratibu huu kwa jina. Makundi yao ya WhatsApp hayakauki ujumbe wa "niko Sumbawanga, natafuta wa kubadilishana naye Moshi". Kwa kubadilishana hivyo, idadi ya wanafunzi kuzunguka kitanda cha mgonjwa haiongezeki hata mmoja. Ataumia, ndiyo, mtoto wa Temeke mwenye mama mgonjwa asiyepata wa kubadilishana naye, na kwa ajili yake inafaa kuacha nafasi chache za dharura.

Nafasi za dharura ndizo zinazopendwa na vimemo. Simu moja ya mkubwa inaweza kugeuza mafua ya shangazi kuwa ugonjwa sugu. Kwa hiyo sharti moja lisilegezwe: anayehama awe alikuwa na alama ambazo chuo anachokwenda kilidahili nazo mwaka ule alioanza, ili uhamisho usiwe mlango wa uani wa waliokosa. Na majina ya waliokubaliwa yabandikwe ubaoni, pamoja na chuo walikotoka na chuo wanakokwenda.

Wazee watasema jambo jingine, nami naliheshimu kuliko yote. Enzi za Mwalimu mtoto wa Bukoba alipelekwa kusoma Songea makusudi, wa Mtwara akapelekwa Musoma, na umoja tulio nao leo umetokana kwa sehemu na mabweni yale. Lakini mwanafunzi ninayemzungumzia ameshakaa ugenini miaka miwili, pengine alipitia JKT kabla ya hapo, na utarajali bado unaweza kumpeleka mkoa asioujua. Anachoomba ni ile miaka mitatu ya katikati. Apewe, kwa sharti moja zaidi, la muda: matokeo ya mwaka wa pili yakitoka Agosti, jibu lipatikane kabla ya zamu ya kwanza wodini, na Bodi ya Mikopo iarifiwe siku ileile, maana mwanafunzi aliyehamishwa jina huku bumu lake limebaki chuo cha zamani hatafika hata Morogoro.