Wao Wanawasha Taa, Sisi Tumekalia Jua

Tuna ugonjwa wa kudhani jua ni umeme tu. Kiongozi akipanda jukwaani kuzungumzia nguvu ya jua, ataonyesha paneli juu ya paa, na sisi tutapiga makofi. Paneli ni nzuri, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na wasomi waliofundishwa chuoni kwamba mwanga wenyewe, bila kugeuzwa umeme, unaweza kuvunja molekuli na kuziunganisha upya. Wakafanya mtihani, wakafaulu, wakanyamaza.

Si siri hiyo. Mama anayewahi kuanua kanga isipauke anajua mwanga unaifanya nini rangi. Mfamasia anayehifadhi dawa kwenye chupa ya kahawia anajua. Wasiojua ni wapanga mipango ya viwanda.

Chukueni atemisinini, ambayo ndiyo chimbuko la dawa mseto tunayomeza tukiugua malaria. Ukali wake uko kwenye daraja dogo la atomi mbili za oksijeni. Madini ya chuma yaliyomo kwenye damu yakilivunja daraja hilo ndani ya kimelea, kimelea kimekwisha. Kiwandani daraja hilo hujengwa kwa mwanga. Unachukua asidi iliyozalishwa na hamira na kurekebishwa kidogo, unatia rangi maalumu, unapitisha oksijeni, unamulika. Rangi inaudaka mwanga na kuipa oksijeni ile nguvu. Oksijeni inacharuka, inajipachika mahali pake. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilikuwa ikifanya hivyo huko Garessio, Italia, kwa taa za zebaki. Taa! Ugonjwa ambao zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wake wako Afrika, dawa yake ilikuwa ikiokwa chini ya jua la bandia la Ulaya. Baadaye mradi ule ulizidiwa bei na atemisinini ya mashambani, kiwanda kikauzwa. Kilichoshindwa ni hesabu za biashara, kemia haikuwa na kosa.

Na msiniambie wazo ni jipya mno kwetu. Giacomo Ciamician, mkemia aliyejaza roshani ya chuo chake Bologna chupa za kioo zikiota jua, alisimama New York mwaka 1912 akawaambia wenzake kwamba makaa ya mawe yana mwisho, na kwamba viwanda visivyo na moshi vitakuja kustawi kwenye nchi kame. Zaidi ya miaka 100 imepita, Dodoma bado inasubiri. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ikiwa hoi, mkemia Günther Schenck alipanga chupa zake nje, Heidelberg, akatumia ukijani wa majani ya spinachi na jua la bure kutengeneza askaridoli, dawa ya minyoo. Spinachi na jua, jamani! Vyote hivyo tunavyo, na minyoo tunayo.

Najua jibu lililoandaliwa: jua huzama, mawingu hutanda. Kawaulizeni walioko Uholanzi. Mkemia Timothy Noël na wenzake huko Eindhoven, mji ambao jua la Desemba ni la kuombewa dua, walibuni kibamba chekundu kinachokusanya mwanga kama jani na kuupeleka kwenye vijia vyembamba vinavyopitisha kemikali. Wingu likitanda, pampu inapunguza mwendo, likipita, inaongeza. Sisi tunaopigwa na jua la utosi Januari hadi Desemba tunatoa udhuru wa mawingu!

Sidai kiwanda cha mabilioni. Atemisia, mmea unaotoa atemisinini, imelimwa Kenya, Tanzania na Uganda. Mwaka 2012 kundi la Peter Seeberger wa Taasisi ya Max Planck, Potsdam, lilionyesha kwamba ile asidi inayobaki na kutupwa baada ya dawa kukamuliwa kwenye majani inaweza kugeuzwa atemisinini kwa mwanga na oksijeni, kwenye bomba jembamba. Basi nadai paa moja la chuo kikuu, bomba, pampu, mtungi wa oksijeni, na wanafunzi watano wa kemia waliochoka kunakili ubaoni. Wakivunja vioo, wanunuliwe vingine. Posho za semina moja ya "uchumi wa viwanda" zinatosha na chenji inabaki. Na waziri atakayekwenda kukata utepe apande juu ya paa saa sita mchana, bila mwavuli.