Kwani lazima atokee mtu wa kutuokoa?

UE zimekwisha, bumu lilikwisha zamani, kwa hiyo wiki hii hapa hosteli watu wanasoma riwaya. Si desa jamani, riwaya, tena kwa hiari! Juzi tumekaa kimbweta mpaka saa tano usiku tunabishania zile za taharuki ambamo mtu anarudi nyuma miaka mia, maisha yake yote yameshapangwa, halafu kuna mlinzi wa ajabu asiyejulikana katoka wapi, mambo yakiharibika tu anatokea na kumchomoa. Wenzangu wanazipenda ile mbaya. Mimi nazisoma mpaka alfajiri, sikatai, ila huyo mlinzi ananiudhi. Mhusika akishakuwa naye anaacha kufikiri, anakaa anasubiri. Na msomaji naye anasubiri.

Kuna waliosema eti mambo haya ni ya Wazungu, kwenye Kiswahili hatuna. Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila ipo tangu 2002. Msimulizi anaondoka kijijini kumtafuta kiumbe anayeitwa P.P., anapita Ulaya, Asia, Afrika, mpaka Marekani, na humo njiani anakutana na historia yenyewe, Ujerumani ya Manazi, magofu ya Hiroshima, kama vile miaka ililala pale inamngoja. Anayemwongoza ni Hanna, mwanamke wa ajabu ajabu. Sasa mwangalieni Hanna vizuri: hambebi mtu. Anaonyesha njia, miguu ni ya msimulizi. Kwenye Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) ndiyo kabisa, marehemu babu anamrudia mjukuu wake K, na wala haji kumlinda, anamtembeza aone nchi ilivyooza wakati yeye anaishi kwa raha. Mzimu wa namna hiyo naukubali.

Mimi kwetu Mpanda, kwa hiyo habari ya mlinzi asiyeonekana sikuanza kuisoma kitabuni. Wabende wanasimulia kuhusu Katabi, mwindaji wa zamani ambaye roho yake inakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Watu wanakwenda kuweka sadaka chini ya mti ule kuomba baraka. Jina lake limebebwa na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1974, na likabebwa na mkoa wetu tulipotengwa na Rukwa mwaka 2012. Wa Dar wakinisikia wanacheka, wacheke tu. Lakini hata kwa Katabi huendi mikono mitupu. Na Mto Katuma unaopita mle hifadhini, maji yakishachukuliwa huko juu kwenye mashamba ya mpunga, kiangazi yanabaki madimbwi ya tope na viboko wamebanana humo migongo ikiungua jua. Sijasikia mkwaju umeinuka kwenda kufungua mifereji.

Sasa kinachonikera zaidi ya mlinzi ni ile kauli ya kwamba yameandikwa. Kwetu kauli hiyo haipo riwayani tu. Binti akipata mimba kidato cha pili utasikia, ndiyo majaliwa yake, tutafanyaje. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta Katavi inaongoza Tanzania nzima: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, wakati wastani wa nchi ulikuwa 27. Ule wa 2022 ukakuta Katavi 34. Bado ni wengi mno, tena Songwe ndiyo iliyochukua hiyo 45. Lakini naombeni mnijibu, kama ni majaliwa, yamepunguaje kwa pointi 11 ndani ya miaka saba? Nani kayafuta na kuandika upya? Na mpaka Novemba 2021, serikali iliporuhusu waliozaa kurudi kwenye shule zake, binti wa namna hiyo shule ilikuwa basi. Huo haukuwa msumari wa Mungu, ulikuwa uamuzi wa watu, na watu wakaubadilisha.

Nilipokwenda TP nyumbani nilijaribu jambo hili darasani. Kidato cha pili, kipindi cha mwisho, njaa inauma, mada ni insha za kubuni. Nikawaambia andikeni hadithi ya mtu anayerudi nyuma wakati wowote anaotaka, sharti moja, hakuna mlinzi wala malaika wa kuja kumwokoa. Wavulana wengi walirudi kuchimba dhahabu kabla wengine hawajaifikia (wajanja hao!). Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye siku zote alikuwa hasemi, akaandika mhusika anayerudi siku ambayo bibi yake anaozwa akiwa na miaka kumi na minne. Anamkuta bibi amekaa uani, amepakwa mafuta, anamwambia, bibi, kimbia, njia hii hapa. Bibi anamtazama sana halafu anamuuliza, mimi nisipoolewa, wewe utazaliwa na nani?

Insha ikaishia hapo. Nilipoisoma kwa sauti darasa zima likalipuka. Mmoja akasema mhusika anyamaze arudi zake, asije akapotea. Mwingine akasema bibi akimbie tu, mjukuu atazaliwa kwa njia nyingine, akazomewa kwamba huyo atakuwa mtu mwingine. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia, hakuna aliyesimama. Nami kusema kweli nimesoma riwaya za taharuki si haba, sijakutana na mahali penye kubana koo kama pale uani. Na kumbukeni, mle hakuna mlinzi. Angekuwepo, angemshika bibi mkono, ukurasa ungefunuliwa, na lile swali lisingeulizwa kabisa.

Nilimrudishia daftari nikamwambia amalizie. Akanijibu, Madamu, bado namfikiria bibi, sitaki kumpangia. Nilimpa alama zote za insha na nusu nzima ya hadithi haipo, mwalimu wangu wa malezi akaguna lakini akaacha.

Halafu aliyechukua Babu Alipofufuka pale kimbwetani airudishe, ni ya maktaba na faini itakuwa yangu.